Eropleni Juu ya Kigoma

Katika vita vikuu vilivyoanza mwaka 1914, Wadachi walikuwa na meli kubwa katika ziwa Tanganyika, jina lake Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta eropleni nne ziwezazo kutua majini. Zilipita Kongo vipande vipande, zikaungwa kando ya ziwa. Mwezi wa Juni zikaruka hata Kigoma, zikatupa mabomu bandarini. Mwezi wa Julai Wadachi wakaizamisha meli yao, wakaondoka. Lakini kwanza waliipaka mitambo mafuta mazito isiharibike. Ikaopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 ikachukua abiria kwa jina la Liemba. Eropleni nazo siku hizi huleta Kigoma wasafiri, wala si mabomu. Chombo hufuata moyo wa mwenye kukiongoza.