Mti wa Upinde na Kazi ya Mfasiri: Mfano wa Isiolo

Mfasiri akutanapo na Taxus baccata, mti ambao Waingereza wa zamani waliuchongea pinde zao za vita, aghalabu huandika “mti wa Ulaya” na kupita. Hapo maana hupotea. Ubora wa mti huo umo katika tabaka zake mbili: ile ya nje, iliyo changa, huvumilia kuvutwa, ilhali kiini huvumilia kugandamizwa. Kipande kimoja hupindika bila kuvunjika, kisha hurejea. Kitenzi pinda, kilichozaa nomino upinde, hutaja nusu tu ya kazi hiyo. Kurejea ndiko kurushako mshale.

Isiolo haina mti huo. Ina mkone (Grewia bicolor), ambao Waborana huuita haroresa na Wasamburu siteti. Mkone hustahimili ukame, na ubao wake mgumu wenye mnyumbuko hufaa kwa uta, mshale na hata bakora. Kwa desturi ya Kisamburu, kijana aliyetoka jandoni huwinda ndege kwa uta na mishale butu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Kamusi hutupa uta, upote na podo. Lakini ujuzi wa kuchagua ufito, kuukausha na kuukwangua, pamoja na msamiati wake, kwa sehemu kubwa ungali vinywani mwa wachongaji, tena kwa Kiborana na Kisamburu. Mfasiri na aanzie kwao: alitaje jina la kisayansi mara moja, kisha aueleze mti wa Ulaya kwa kuulinganisha na mkone, bila kudai kuwa ni mti mmoja.