SOMO LETU: MTU AKIHAMISHWA KWAKE, ANAPOTEZA NINI?



Tukimwuliza mtu aliyefukuzwa kwake amepoteza nini, atataja nyumba, shamba na ng'ombe. Hivyo vinahesabika. Lakini iko hasara nyingine ambayo karani hana mahali pa kuiandika. Hiyo ndiyo tunayojifunza leo.

Mkimbizi wa ndani ni nani?

Ni mtu aliyelazimika kuhama kwake bila kuvuka mpaka wa nchi. Pengine amefukuzwa na vita, ghasia, mafuriko au mradi mkubwa kama bwawa. Umoja wa Mataifa ulipata mwongozo kuhusu watu hawa mwaka 1998, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012.

Watafiti waliona nini?

Mwaka 1956 Elizabeth Colson na Thayer Scudder walikwenda kwa Watonga wa bonde la Zambezi, katika Zambia ya leo. Bwawa la Kariba lilikuwa likijengwa, na watu kama 57,000 wa pande zote mbili za mto walihamishwa. Watafiti hao hawakuuliza maswali siku moja wakaenda zao. Walirudi tena na tena kwa miaka mingi. Watonga walipoteza mashamba ya kando ya mto, na pia mahali walipokusanyika kuomba mvua.

Miaka ya 1990 Michael Cernea, msomi mzaliwa wa Romania aliyefanya kazi Benki ya Dunia, alitazama tafiti nyingi kama hizo akataja hatari nane:

1. Kukosa ardhi
2. Kukosa kazi
3. Kukosa nyumba
4. Kushuka hadhi
5. Kukosa chakula cha kutosha
6. Magonjwa na vifo kuzidi
7. Kupoteza mali ya wote, kama malisho na kuni
8. Kuvunjika kwa ujirani

Tuitazame hiyo ya nane. Jirani ndiye anayekukopesha unga, anayekushikia mtoto, anayejua mpaka wa shamba lako. Ndiye anayekudhamini kikundini. Mabati yanauzwa dukani. Mtu wa kukuamini hauzwi.

Na kwetu Kenya?

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 600,000 walihama makwao. Karibu nusu yao hawakuingia kambini. Walijibanza kwa jamaa au walipanga vyumba mijini. Mtu kama huyo ni rahisi kusahauliwa, kwa sababu haonekani chini ya hema. Lakini kikundi chake kinamjua kwa jina, na kinajua akiba yake ni shilingi ngapi.

Tufanye nini?

- Kitabu cha wanachama na akiba kiwe na nakala ya pili, itunzwe mahali pengine. Kitabu kikiungua, jasho la mjane lisiungue nacho.
- Kila mwanachama aandikishe jamaa mmoja wa mbali anayeweza kumpata.
- Aliyekimbilia kijijini kwetu tusimwache pembeni. Tumkaribishe kikundini, hata kama kiingilio atalipa pole pole.
- Mtafiti akija, tumjibu ukweli, nasi tumwulize: majibu utaturudishia lini?

Ya kujadili mkikutana

1. Tukitawanyika kesho, nani anajua kila mmoja wetu ana akiba gani?
2. Ni nani hapa kwetu alikuja akiwa amefukuzwa kwao? Je, yuko katika kikundi chochote? Kama hayuko, nani ataenda kumwita?