Somo: Kupata watu wa kujitolea, mtu kwa mtu



Mvua imeanza, mahindi yameota. Sasa tunajua mgeni mwenye anakuja: shenie, ile inayoitwa pia kiwavijeshi. Hii si finkubala ya kula. Ilionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na haikukawia kufika kwetu. Kipepeo wake anaruka usiku na kutaga mayai 100 mpaka 200 mahali pamoja kwenye jani. Siku chache tu, yanapasuka. Shenie ikisha kuingia ndani ya moyo wa muhindi, hata dawa inaifikia kwa shida.

Kwa hiyo kila shamba linaomba kuangaliwa kila juma. Lakini wengi wetu tunakaa mjini na shamba liko mbali. Shamba moja lisipoangaliwa, vipepeo vyake vinaenda kwa majirani. Kidole kimoja hakiui chawa: tunahitaji watu wa kujitolea.

Sababu gani tangazo halitoshi?

Ukitangaza kanisani, kila mmoja anafikiri mwingine ataenda. Tena wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya lazima. Wakisikia «njooni tufanye kazi ya bure», roho inarudi nyuma. Lakini mtu akiombwa na mwenye anamwamini, anasikiliza.

Namna ya kufanya

1. Pimeni kazi kwanza. Usiseme «njoo usaidie koperative». Sema siku, saa, na kazi yenyewe: kutembea ndani ya shamba kwa njia ya herufi W, kusimama mahali 5, kuangalia mimea 10 kila mahali, kuvunja mayai kwa vidole, na kuandika hesabu.

2. Kila mwanachama aandike majina 5. Fikiri watu wa likelemba yako, wa korali, majirani wa shamba, wenzako wa soko, vijana waliomaliza masomo. Halafu ujiulize: huyu anasikia neno la nani? Huyo ndiye aende kumwomba.

3. Nenda wewe mwenyewe, muongee uso kwa uso. Kwa mfano:

— Jambo mama. Shenie imeanza kukula mahindi kule njia ya Kambove.
— Aa, hata yangu inakuliwa!
— Nakuomba siku ya posho, saa moja ya asubui, unisaidie kuangalia mashamba tatu. Franka hakuna, sitakudanganya. Lakini utajua kuona mayai mbele hayajapasuka, na shamba yako tutaiangalia vile vile.
— Na kama sina nafasi?
— Hakuna neno, mama. Unionyeshe tu mtu mwingine mwenye unamwamini.

Angalia: hakumlazimisha. Na hata «hapana» ilimfungulia mlango wa mtu mwingine.

4. Siku ya kwanza, msimwache peke yake. Mwanachama mwenye anajua kazi atembee naye mpaka ajue.

5. Mrudishie habari. Mwambie: «Mayai uliyovunja yalikuwa mahali 7, na lile shamba limepona.» Mtu akiona matunda ya kazi yake, ataleta rafiki.

Tujihadhari

Neno la mdomo linabeba wema na ubaya. Mkimwita mtu kuangalia shenie, halafu mkampeleka kulima shamba la prezida wa koperative, jioni katiye nzima itajua. Mwaka ujao hakuna atakayefungua mlango. Kama kuna chakula, semeni. Kama hakuna, semeni vile vile.

Tufanye hesabu. Wanachama 20 wakiandika majina 5 kila mmoja, ni majina 100. Tuseme mmoja tu kwa kila watano anakubali: ni watu 20. Wakienda wawili wawili, ni vikundi 10. Kila kikundi kikiangalia mashamba 3, mashamba 30 yameangaliwa kwa asubui moja.

Maswali ya kuzungumza kwenye mkutano

- Wewe uliingia koperative kwa neno la nani? Alikuambia nini?
- Ni mashamba gani ya kwetu hayana mtu wa kuyaangalia?
- Kuna mtu mwenye tulimchosha zamani? Nani ataenda kumwomba radhi?

Kazi ya nyumbani: mbele ya mkutano ujao, kila mmoja aombe watu wawili, na aje na jibu, likiwa «ndiyo» ao «hapana».