Mgeni wa Siku Tatu: Somo Kutoka Jiji la New York



Katika mikutano yetu na wananchi wa mpakani, swali moja hurudi kila tunapozungumzia usalama wa mitaa. Mtu aliyejenga nyumba kwa jasho lake, akaigawa vyumba na kuvipangisha kwa wapita njia usiku mmoja au miwili, amemkosea nani? Nyumba ni yake, na mgeni analipa kwa hiari yake. Wanaouliza hivyo hawaulizi kwa ubishi. Madereva wa malori hungoja karatasi za forodha siku mbili tatu, wachuuzi huja kwa ajili ya siku ya soko, na malipo ya kitanda kimoja huweza kuongezea karo ya mtoto.

Ili tujibu bila kumnyooshea kidole jirani yeyote, tumechagua mfano wa mbali, jiji la New York nchini Marekani. Tumeuchagua kwa sababu jiji hilo lilishika njia moja kwa zaidi ya miaka kumi bila kufanikiwa sana, kisha likashika nyingine, na mambo yakabadilika katika wiki chache. Tofauti baina ya njia hizo mbili ndiyo somo letu.

Mwaka 2010 jimbo la New York lilirekebisha sheria yake ya majengo ya makazi yenye nyumba tatu au zaidi ndani yake. Marekebisho hayo yalianza kutumika mwaka 2011. Kuanzia hapo, nyumba iliyomo katika jengo la namna hiyo haikuruhusiwa kupangishwa yote kwa mgeni kwa muda usiofika siku 30. Mkazi aliweza kumpokea mgeni wa kulipa endapo yeye mwenyewe angekuwamo ndani siku hizo.

Sababu ya kwanza ilikuwa moto. Hoteli hujengwa kwa kudhani kwamba alalaye humo haijui nyumba, kwa hiyo huwekewa vifaa vya kuzima moto na alama za kuonyesha njia ya kutokea kuliko jengo la kawaida la makazi. Moshi ukijaa usiku, mkazi huifuata ngazi kwa mazoea, lakini mgeni aliyefika jana bado anapapasa ukuta akitafuta swichi ya taa. Sababu ya pili ni mlango mkuu, ambao wakazi wote hutumia pamoja. Kila mgeni anayekabidhiwa ufunguo wake amekabidhiwa usalama wa watu asiowajua na wasiomjua. Sababu ya tatu, ambayo huko ndiyo iliyowasha siasa, ni upungufu wa makazi. Nyumba iliyogeuzwa kuwa ya wageni wa siku chache haipangishwi tena kwa familia inayotafuta mahali pa kuishi.

Sheria hiyo ilieleweka, lakini kuitekeleza kulikuwa mzigo mzito. Wakaguzi walilazimika kwenda nyumba kwa nyumba, kugonga, kuuliza na kuthibitisha. Mgeni aliyefungua mlango aliweza kusema kwamba yeye ni rafiki wa mwenye nyumba, na mkaguzi hakuwa na daftari la kumkosoa. Wakati huohuo matangazo ya vyumba yaliongezeka kwenye intaneti kwa maelfu. Mwaka 2016 jimbo liliongeza faini ya hadi dola 7,500 kwa anayetangaza nyumba isiyoruhusiwa, na biashara haikukoma. Sisi askari tunaujua uchovu huo. Mlango mmoja unapofungwa kwa amri, mitatu imekwisha kufunguliwa upande wa pili wa mtaa.

Mwezi Januari 2022 jiji lenyewe lilipata sheria mpya, maarufu kwa jina la Sheria Na. 18 ya mwaka huo, iliyoanza kutekelezwa tarehe 5 Septemba 2023. Kila anayetaka kupokea wageni kwa muda usiofika siku 30 sharti ajiandikishe katika ofisi maalumu iliyo chini ya meya, alipe ada ya dola 145, na athibitishe kwamba anaishi katika nyumba hiyo. Wageni wa kulipa hawazidi wawili kwa wakati mmoja, na mwenyeji awemo ndani kwa muda wote wa ukaaji wao. Mwenye jengo anaweza kuiarifu ofisi hiyo kwamba wageni wa namna hii hawatakiwi katika jengo lake, na maombi yote yatokayo humo hukataliwa.

Sharti moja lilitushangaza tulipolisoma: mgeni hawezi kupewa sehemu iliyotengwa kwa kufuli. Sharti awe na njia ya kupita katika nyumba nzima, aishi na mwenyeji kama watu wa nyumba moja. Wengi wetu tungedhani kinyume, kwamba kufuli ndiyo salama. Lakini tukirudi kwenye moto, na kwenye haja ya mwenyeji kujua kinachotendeka chini ya paa lake, maana yake inaonekana.

Hata hivyo, masharti hayo pekee yasingefika mbali. Nguvu ya sheria imo katika kifungu kinachoyahusu makampuni ya intaneti yanayowakutanisha wageni na wenyeji. Kabla ya kupokea malipo ya ukaaji, kampuni sharti iihakiki namba ya uandikishaji katika mfumo wa jiji. Namba isipokuwapo au isipolingana, malipo hayapaswi kupita. Kampuni ikikiuka huweza kutozwa hadi dola 1,500 kwa kila muamala, na mwenyeji asiyejiandikisha huweza kutozwa hadi dola 5,000. Mgeni hatozwi chochote. Kwa hiyo jiji liliacha kuwakimbiza watu milangoni, likasimama pale ambapo fedha hupita. Matangazo ya ukaaji wa siku chache yakapungua sana katika wiki chache, na mengi yakageuzwa kuwa ya siku 30 au zaidi.

Kampuni kubwa ya biashara hiyo, Airbnb, ilikwisha kufungua kesi kuipinga sheria, na mahakama ikaitupilia mbali mwezi Agosti 2023. Lakini malalamiko hayakwisha, na tungewadanganya wasomaji kama tungesema hayana msingi. Wenye nyumba ndogo za familia moja au mbili, ambao walikuwa wakilipia mkopo wa nyumba kwa fedha za wageni, walilalamika kwamba wamewekwa fungu moja na wafanyabiashara wenye nyumba kadhaa wasizoishi. Walisema pia kwamba wenye hoteli, ambao waliiunga mkono sheria, ndio waliofaidika. Kwa maoni yetu, kumwekea kikomo cha wageni wawili mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe ni kukaza kamba mno. Kumtaka ajiandikishe si kukaza kamba hata kidogo.

Kwa nini tulete jambo hili mpakani? Jirani zetu wa Kenya walilikabili kwa uchungu. Mapema mwaka 2024, wanawake waliuawa jijini Nairobi katika vyumba vilivyokodiwa kwa siku chache, na maelfu ya watu waliandamana mwezi Januari mwaka huo kudai ulinzi kwa wanawake. Mamlaka ya utalii ya nchi hiyo iliwataka wenye nyumba za namna hiyo wajiandikishe. Linapotokea jambo kama hilo, mpelelezi huanza na maswali matatu: ni nani aliyekodi, ni nani aliyempokea, na ni nani aliyemwona akitoka. Pasipo daftari, majibu hutegemea kumbukumbu ya mlinzi aliyekuwa zamu.

Huku kwetu gesti huwa na kitabu cha wageni, na mwenyekiti wa LC1 huwajua wakazi wake. Vyumba vya nyumbani havina kimoja wala kingine. Tumewahi kuitwa usiku kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaishi mji mwingine, ufunguo anao kijana wa duka la jirani, na mgeni anatambulika kwa jina la “yule wa Jumanne”. Jina lake la kweli hakulijua mtu. Usiku huo mgeni ndiye aliyehitaji msaada, kwani alikuwa mahututi na hatukuwa na ndugu yake wa kumpigia simu.

Kwa hiyo tunamwomba kila anayelaza wageni wa kulipa nyumbani afanye mambo machache yasiyohitaji kungoja sheria mpya. Amjulishe mwenyekiti wa LC1 kwamba anafanya kazi hiyo. Aandike jina la mgeni, namba ya kitambulisho au pasipoti, namba ya simu ya ndugu yake, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Amwonyeshe mgeni mlango wa pili wa kutokea siku anapofika, asingoje hatari. Kama mwenye nyumba haishi hapo, amteue mtu mzima mmoja anayejulikana mtaani, naye apatikane kwa simu usiku na mchana.

Tunasisitiza pia jambo ambalo New York ililiweka wazi, kwamba sheria ile haimwadhibu mgeni. Daftari la wageni halikuandaliwa ili kumtoza hongo mtu mwenye lafudhi ya ng’ambo ya pili, wala kumtisha mkimbizi, wala kueneza habari za nani alilala wapi na nani. Huwekwa na mwenyeji, na askari anayeomba kuliona sharti ajitambulishe na aeleze sababu. Askari asiyefanya hivyo aripotiwe kwa mkuu wa kituo.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji: Katika mtaa wenu, ni nyumba ngapi zinazolaza wageni wa kulipa, na ni ngapi kati yake ambazo mwenye nyumba analala humo? Malipo ya wageni hao hupitia mikononi mwa nani kabla ya kumfikia mwenye nyumba, na je, mtu huyo anaweza kuombwa aulize jina kwanza? Mgeni akiugua usiku wa manane, jirani wa karibu atampigia nani simu?