Kubadilisha Mafuta ya Breki na Kutoa Hewa: Mwongozo kwa Wenye Kwodi, Tuktuk na Boda

Ukiwa mkazi wa Mkwiro, kisiwani Wasini, huenda chombo chako hakilali nyumbani. Kisiwa cha Wasini hakina barabara ya magari, kwa hivyo kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) unayoongozea watalii iko Diani, na tuktuk au boda umeiacha ng'ambo, Shimoni, karibu na bahari. Huko inapigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana. Watu hukagua tairi, hukagua oili ya injini, lakini mafuta ya breki huachwa miaka na miaka mpaka breki ishindwe kushika. Kuyabadilisha ni kazi ya saa moja au mbili, na vifaa vyake vinaingia ndani ya mfuko mmoja.

Kwanza hakikisha kwamba breki yako ni ya mafuta. Boda nyingi zina breki za ngoma zinazovutwa kwa waya na fito. Hizo hazina mafuta ya kubadilisha. Kwodi ya kawaida, pikipiki yenye sahani ya chuma kwenye gurudumu la mbele (diski), na tuktuk hutumia mafuta. Kwa kwodi na pikipiki, tazama kwenye usukani, karibu na mkono wa breki: ukiona kikopo kidogo chenye kifuniko na alama ya juu na ya chini, ndicho kikopo cha mafuta. Breki ya nyuma ya kwodi mara nyingi ina kikopo chake peke yake, karibu na pedali ya mguu.

Kwa nini ubadilishe mafuta ambayo hayajapungua? Kwa sababu yanavuta maji kutoka hewani, kama chumvi ya jikoni iliyoachwa wazi wakati wa masika. Unapofunga breki, pedi husuguana na diski na joto hupanda mpaka kwenye mafuta. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki mpaka yafike nyuzijoto 230. Yakishavuta maji ya asilimia 3.7 tu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa ukabanika. Hapo ndipo dereva wa tuktuk anayeteremka kutoka Kwale kwenda Kombani akiwa na mzigo hukanyaga pedali ikazama mpaka chini bila chombo kupunguza mwendo. Isitoshe, maji hayo hushikisha kutu ndani ya breki yenyewe.

Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kwa chombo kinachokaa ufukweni na kupita kwenye madimbwi, mimi nasema kila mwaka, na bora kabla ya masika. Usingoje mwaka ufike ikiwa mafuta yamegeuka rangi ya chai ya rangi, au mkono wa breki umelainika na unakaribia kugusa usukani. Yakipungua kwenye kikopo, usikimbilie kuongeza. Kagua pedi kwanza, kwa sababu zikiisha, mafuta hushuka yenyewe. Kisha tafuta mahali panapovuja.

Aina ya mafuta imeandikwa juu ya kifuniko cha kikopo: DOT 3 au DOT 4. Nunua ile ile iliyoandikwa. Jihadhari na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine, ingawa DOT 5.1 ni ya jamii moja na DOT 4. Na ndugu zangu wavuvi, tafadhali: oili ya mashine ya boti, oili ya injini, hata mafuta ya kupikia, visiingie kwenye breki abadani. Oili hufurisha mipira ya ndani, na breki nzima hulazimika kufunguliwa na kubadilishwa mipira.

Utapata mafuta kwenye maduka ya spea ya Ukunda na Msambweni. Bei hutofautiana kwa kampuni na ukubwa wa chupa, lakini ukienda na shilingi elfu moja kwa kawaida utapata chupa ndogo ya mafuta, kipande cha mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na bomba la sindano la kunyonyea. Chupa ndogo ni bora kuliko kubwa. Ikishafunguliwa huanza kuvuta unyevu, na katika hewa yetu ya pwani haifai kuwekwa kwa ajili ya mwakani. Kagua kwamba kizibo hakijavunjwa na kwamba chupa ina alama ya ubora ya KEBS. Nyumbani tafuta spana namba 8 au 10, bisibisi, vitambaa safi, glavu, chupa tupu ya plastiki na maji matamu. Maji ni ya kuhesabu kisiwani, najua, lakini weka japo lita tano karibu. Mafuta ya breki hubabua rangi na plastiki, na yakimwagika huoshwa kwa maji mara moja. Maji ya bahari usiyatumie.

Siku moja kabla, tazama nipeli. Hii ni skrubu ndogo yenye tundu iliyo juu ya kalipa, yaani kile chuma kinachokumbatia diski. Kwa chumvi yetu, mara nyingi imeganda. Isugue kwa brashi, weka tone la mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina lake bila kugusa diski wala pedi, uiache usiku kucha. Ukiilazimisha siku hiyo hiyo itakatika, na kalipa nzima itageuka gharama.

Siku ya kazi, simamisha chombo mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, na ugeuze usukani hadi kikopo kilale sawa. Futa vumbi na mchanga juu ya kifuniko kabla ya kukifungua. Punje moja ya mchanga ikiingia inatosha kukwaruza mipira ya ndani. Tandika kitambaa chenye maji juu ya tangi na plastiki. Fungua kifuniko, toa mpira ulio chini yake, nyonya mafuta machafu kwa bomba la sindano, pangusa, kisha jaza mapya.

Sasa ingiza spana upande wa pete kwenye nipeli, halafu chomeka mpira. Ncha ya pili izamishe kwenye chupa uliyotia mafuta mapya kidogo, ili hewa isirudi ndani. Itafaa kuwa na mwenzako. Yeye anafinya mkono wa breki polepole na kuushikilia. Wewe unalegeza nipeli robo mzunguko, mafuta na mapovu yanatoka, unaikaza. Ndipo yeye anaachilia. Utaratibu huo usigeuzwe. Akiachilia nipeli ikiwa wazi, hewa inavutwa ndani na mnaanza upya. Kila baada ya mifinyo mitano hivi ongeza mafuta kwenye kikopo. Kikikauka mara moja tu, kazi yote imepotea.

Endeleeni mpaka mafuta yanayopita kwenye mpira yawe meupe au ya manjano hafifu kama yale ya chupani, bila povu hata moja. Kwa kwodi yenye kalipa mbili mbele, anza na iliyo mbali zaidi na kikopo. Tuktuk hufanywa vivyo hivyo kwa pedali, na nipeli zake ziko nyuma ya ngoma za magurudumu. Anza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na kikopo.

Kaza nipeli kwa kiasi, irudishie kofia yake ya mpira, jaza mafuta mpaka alama ya juu, funga. Osha kila mahali palipoguswa na mafuta. Finya breki kwa nguvu na ushikilie nusu dakika. Ikibaki ngumu na hakuna tone linalotoka, endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea na ufunge breki mara kadhaa kabla ya kuingia barabarani. Ikiwa bado laini, funga mkono wa breki kwenye usukani kwa kamba ya mpira na uuache mpaka asubuhi. Mapovu madogo mara nyingi hupanda yenyewe hadi kwenye kikopo. Ikiwa inazama taratibu huku umeishika, au kalipa inavuja, hapo mipira imekwisha. Hiyo ni kazi ya fundi.

Mafuta machafu ni sumu, na ladha yake ya utamutamu huwavuta watoto. Usiyaweke kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mkimbize zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, ukibeba na chupa yenyewe. Yakiingia jichoni, osha kwa maji matamu kwa robo saa. Wala usiyamwage chini: ardhi ya Wasini ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, na kinachomwagwa juu huishia visimani au baharini, kwenye maji yanayopakana na Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Yapeleke Shimoni au Ukunda, kwenye gereji inayokusanya oili chafu.

Andika tarehe ya leo kwenye plasta, uibandike chini ya kiti. Na kama breki bado ina ulaini wowote mkononi, abiria au mtalii asipande mpaka fundi aitazame.