Cheti kinasema SS: nani amemrithisha mtoto selimundu?

SWALI: Daktari, mwanangu wa mwaka mmoja na nusu alivimba vidole vya mikono na miguu. Tulipopima tukaambiwa ana selimundu. Cheti chake kimeandikwa SS, changu AS, cha baba yake AS. Ukweni wanasema kwao ugonjwa huu haupo, nimeuleta mimi. Herufi hizi zina maana gani? Na nikizaa mwingine atasalimika?
Mama wa Sengerema

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Nianze na la ukweni. Mwanao ana S mbili: moja yako, moja ya baba yake. Ingetoka kwako peke yako, naye angekuwa AS na vidole visingevimba. Hukuleta ugonjwa wewe.

Herufi hizo ni aina za himoglobini (A ya kawaida, S ya selimundu), protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Maelekezo ya kuitengeneza yamo kwenye jeni. Jeni ni kipande cha DNA, na DNA imefungwa ndani ya kromosomu. Tuna kromosomu 46, nusu za mama na nusu za baba, ndiyo maana jeni hii, iliyo kwenye kromosomu namba 11, kila mtu anazo mbili.

Kilichoharibika ni kidogo mno. DNA huandikwa kwa herufi zake nne, A, T, G na C, na hapa A moja imegeuka T. Protini nayo hujengwa kwa asidi amino zilizopangwa mstari. Mstari huu una 146, na ya sita, ambayo ingekuwa asidi ya glutamiki, inakuwa valini. Basi. Lakini valini hukwepa maji, kwa hiyo himoglobini S ikishaachia oksijeni hunasana na zenzake kuwa nyuzi ngumu, na chembe ya duara hupinda kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na hicho ndicho kilichovimbisha vidole vya mwanao. Tena huvunjika mapema: badala ya siku 120 hivi, huishi 10 hadi 20, damu ikapungua.

Mwenye AS kwa kawaida haugui. Tangu 1954, utafiti wa Anthony Allison uliofanyika Afrika Mashariki umeonyesha kwamba AS humkinga mtoto na malaria kali. Ndiyo sababu S imeenea kwetu. Ukoo unaweza kuibeba vizazi kadhaa bila mgonjwa hata mmoja, mpaka mbebaji aoane na mbebaji mwenzake.

Kuhusu mtoto mwingine: kila mimba, uwezekano wa SS ni robo, AS nusu, AA robo. Wapo wanaowaambia wazazi kwamba akishaugua mmoja, watatu wanaofuata wamepona. Si kweli hata kidogo! Kila mimba hesabu huanza upya.

Kwa sasa usikose kliniki. Mtoto apewe penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, foliki asidi na kinga ya malaria, alale ndani ya chandarua, anywe maji ya kutosha. Uliza pia kuhusu haidroksiyurea. Dawa hii huongeza himoglobini F, ile ya kichanga, iliyomlinda miezi yake ya mwanzo. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au akipauka ghafla, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.