Udongo Mwekundu na Jiwe Jeusi

Ndugu mulimaji, chukua jembe lako, uchimbe kwenye kilima kile ambacho mahindi yako yanadumaa na majani yao yanageuka zambarau. Jembe linalia: umepiga jiwe jekundu lenye matundu. Wengine husema, «Shamba limelogwa.» Sivyo. Jiwe hilo ni chuma kilichoungana na hewa, ni kutu ile ile inayokula jembe lililoachwa mvuani.

Limetoka wapi? Mawe ya chini huoza polepole, miaka maelfu na maelfu. Mvua huchukua chokaa na vyakula vingine vya mimea, huvipeleka mtoni. Chuma hakitoki upesi. Hubaki na kuupaka udongo rangi. Lakini penye maji yaliyosimama, pasipo hewa, chuma huyeyuka na kutembea na maji. Umeona kandokando ya kinamasi ngozi inayong'aa juu ya maji, kama petroli? Iguse kwa kijiti. Ikivunjika vipande-vipande, ni chuma. Petroli hurudi kuungana.

Maji hayo yakikutana na hewa, chuma hugeuka kutu tena na kushikamanisha mchanga. Nawe ukikata miti yote na kuchoma majani kila mwaka, mvua huondoa udongo wa juu, jua hupiga ule wa chini, nao hukauka kuwa jiwe. Ukisha kuwa jiwe, hata ukiumwagia maji haulainiki. Watoto wako watalima wapi?

Ndugu yake chuma ni manganezi, iliyo nyingi huko Kisenge, Katanga. Hutiwa katika chuma cha pua ili kiwe kigumu, tena imo ndani ya mawe ya tochi. Ukitaka kutambua, twaa kikombe cheupe kilichovunjika, ukwaruze jiwe pale palipovunjika. Alama nyekundu au ya kahawia ni chuma. Alama nyeusi, tena jiwe likichafua vidole, pengine ni manganezi.

Katika udongo mchachu manganezi huyeyuka, na maharagi huinywa kupita kiasi: majani hukunjamana, hupata madoa ya kahawia. Nacho chuma hushika fosfori, chakula cha mizizi, hakiiachi. Ndiyo zambarau ile ya mahindi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimcheka mama mzee aliyebeba majivu ya jiko kwenda shambani. Maharagi yangu yalikunjamana, yake yalizaa. Majivu yana chokaa na potasi, hupunguza uchachu. Yatandaze kabla ya kupanda, uchanganye kwa jembe. Usiyarundike kwenye mche, yatauchoma. Tia pia mavi ya mbuzi na majani yaliyooza, ili chuma kisishike fosfori yote.

Na kabla ya kufyeka mahali papya, chimba shimo kwanza. Ukipata jiwe kabla mkono wako haujazama mpaka kiwiko, paache pawe na miti.